Kiroboto au Chawa? Namna ya Kuwalinganisha Wanyonya Damu Wawili wa Wanyamapori

Mtu akimwona mdudu mdogo wa kahawia katikati ya manyoya ya mnyama, hamu yake ya kwanza huwa ni kumjua jina. Hamu hiyo ni njema, lakini kwa anayetaka kulinganisha kiroboto na chawa kwa uhakika, swali linalostahili kutangulia ni mahali alipokutwa. Je, alikuwa ameng'ang'ania unywele, alikuwa akikimbia juu ya ngozi, au alitoka kwenye vumbi la shimo ambamo mnyama hulala? Chawa huanguliwa juu ya mnyama, hunyonya juu yake, hutaga juu yake na kwa kawaida hufia papo hapo. Kiroboto ni mkazi wa malazi ya mnyama, na mwilini hupanda kwa ajili ya chakula. Karibu kila tofauti utakayoiona kwa kioo cha kukuzia, tangu umbo la kichwa hadi urefu wa miguu, imetokana na tofauti hiyo moja ya makazi.

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa sayansi, wanafunzi, waelekezi wa watalii na wapenzi wa maumbile walioko Nairobi, jiji lenye bahati ya kupakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 117, na lenye Msitu wa Karura upande wake wa kaskazini. Wanyama wa mahali hapo hutazamwa na maelfu ya watu. Wadudu wanaoishi juu yao hawatazamwi na mtu, ilhali wanaweza kutueleza mengi kuhusu jinsi mnyama anavyolala, anavyokutana na wenzake na maradhi anayoweza kuyabeba.

Kabla ya kumgusa mdudu

Nianze na makatazo, kwa sababu yana uzito. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumkamata mnyamapori au kumiliki sehemu yoyote ya mwili wake, na utafiti wowote wa kisayansi nchini Kenya unahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Mzoga ukiuona mbugani au kando ya barabara, usiuguse. Wajulishe maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hata kama sheria isingekuwepo, kimeta na kichaa cha mbwa vingetosha kumzuia mtu mwenye busara, na zaidi ya hayo, viroboto huanza kuuhama mwili mara tu unapopoa, wakitafuta damu yenye joto. Anayeinama juu ya mnyama aliyekufa punde anajitoa awe mwenyeji wao mpya, yaani kiumbe wanayemnyonya.

Kwa bahati nzuri, si lazima uende porini ili ujifunze. Yupo mnyama mmoja ambaye hakufugwa na mtu, anayeishi kwa wingi kila mtaa wa Nairobi, na ambaye mara nyingi hubeba wadudu wote wawili kwa wakati mmoja, naye ni panya wa nyumbani. Kiroboto wake wa nchi za joto ni Xenopsylla cheopis na chawa wake ni Polyplax spinulosa. Mimi naona hakuna darasa bora kuliko hilo, kwa kuwa ukiwatoa wawili hao katika manyoya ya mnyama mmoja, hutaweza kusema kwamba tofauti zao zimeletwa na tofauti ya mwenyeji. Paka na mbwa nao wanafaa, hasa kwa viroboto, na kiroboto wa paka hupatikana pia kwa wanyamapori wa aina nyingi. Vielelezo vya wanyama wengine viombwe kutoka kwa madaktari wa mifugo wenye vibali au vitazamwe katika taasisi zinazovihifadhi.

Panya wa kuchunguzwa ashughulikiwe katika maabara, na mtu aliyefunzwa, akiwa amevaa glavu na nguo ya mikono mirefu iliyobanwa kwenye kifundo. Mtego unaonasa bila kuua ni bora kuliko ule wa chuma unaoua usiku, kwa sababu mtego wa kuua ukikaguliwa asubuhi mara nyingi hukutwa na chawa peke yao, viroboto wakiwa wameshaondoka kutafuta pengine. Panya akishauawa na mtaalamu, awekwe mara moja ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko kinachobana, kisha ndoo nzima iingizwe katika friji ya kugandisha ya maabara, ile isiyowekwa chakula, mpaka kesho yake. Ndoo ina faida mbili: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017, na weupe wa ndoo humwonyesha kila mdudu aliyeanguka chini.

Vifaa vingine ni vichache. Tafuta kioo cha kukuzia chenye uwezo wa mara 10, sinia nyeupe, kitana chenye meno ya karibu sana, kibano chenye ncha nyembamba, brashi ndogo ya kuchorea, vichupa vyenye spiriti ya asilimia 70, karatasi nene na penseli. Kalamu ya wino iache, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti na kielelezo chako kitabaki bila maelezo.

Kuchana manyoya

Mlaze mnyama juu ya sinia na uchane kuelekea kichwani, kinyume cha mwelekeo wa manyoya, ukianzia mkiani. Usiharakishe. Viroboto huanguka siniani kwa urahisi, kwa sababu hawakuumbwa kushikilia unywele mmoja, ila kupita kati ya nywele nyingi. Chawa hubaki, na mara nyingi utamwona akitoka na unywele alioushika, hata akiwa amekufa. Watafute zaidi shingoni, mabegani na nyuma ya masikio, sehemu ambazo panya hawezi kuzifikia vizuri kwa meno yake anapojisafisha. Andika ni sehemu gani ya mwili uliyomtoa kila mdudu, kwa kuwa habari hiyo haiwezi kurudishwa baadaye.

Kabla hujamtia yeyote katika spiriti, tazama namna walivyolala siniani. Hapa ndipo penye alama ambayo mimi huitegemea kuliko zote, nayo haihitaji hata kioo. Kiroboto aliyekufa hulala ubavu. Chawa aliyekufa hulala kifudifudi au chali. Kiroboto amebanwa kutoka kulia na kushoto, hivyo ni mwembamba akitazamwa kwa juu na mrefu wa kimo akitazamwa kwa upande. Chawa amebanwa kutoka mgongoni hadi tumboni, hivyo amelala bapa juu ya ngozi. Kiroboto hupenya katikati ya manyoya kama mtu anayepita kiubavu katika msongamano wa soko la Gikomba. Chawa hana haja ya kupenya upesi. Haja yake ni kulala chini kiasi kwamba kucha na meno ya mnyama yapite juu yake bila kumng'oa.

Chini ya kioo

Mchukue kiroboto kwanza. Mwili wake ni mgumu na unang'aa, wa rangi ya kahawia iliyokolea, na urefu wake ni kama milimita 2 hadi 3 kwa spishi nyingi. Kichwa kimeungana na kifua bila shingo inayoonekana, na vipapasio vimefichwa ndani ya vijifuo vya ubavuni mwa kichwa ili visikwame kwenye manyoya. Vinyweleo vigumu vya mwili vyote vimelala kuelekea nyuma, kwa hiyo mdudu husonga mbele kwa wepesi na huwa vigumu kumvuta kinyume. Kisha tazama shavuni na nyuma ya kichwa. Spishi nyingi zina safu ya miiba mieusi iliyopangwa sawasawa, inayoitwa vitana, na kuwepo au kutokuwepo kwa vitana hivyo ndiko wataalamu wanakoanzia kutofautisha spishi. Kiroboto wa paka ana kitana shavuni na kingine nyuma ya kichwa. Xenopsylla cheopis hana hata kimoja. Hivyo ukiwa na kiroboto wa panya na wa paka kwenye sinia moja, unaweza kuwatenganisha kwa kioo kizuri na subira kidogo, na kwa mwanafunzi hilo ni zoezi la kumpa moyo.

Miguu ya nyuma ndiyo fahari ya kiroboto. Ni mirefu kuliko ile ya mbele, na juu ya shina la mguu, ndani ya kifua, pana kipande cha protini nyumbufu iitwayo resilini. Henry Bennet-Clark na E. C. A. Lucey walieleza mwaka 1967 kwamba misuli peke yake haiwezi kumrusha mdudu kwa kasi ile, na kwamba nguvu huwekwa akiba polepole katika resilini kisha huachiliwa kwa ghafla. Ubishi kuhusu sehemu ya mguu inayosukuma ardhi uliendelea hadi mwaka 2011, Gregory Sutton na Malcolm Burrows wa Cambridge walipoonyesha kwa kamera za kasi kubwa kwamba ni sehemu ya chini ya mguu, yaani muundi na vidole. Mdudu anayengoja chini, ndani ya vumbi la shimo, akitarajia mnyama apite juu yake, hana budi kuwa na njia ya kupanda, na mabawa yangemzuia kupenya manyoya. Kuruka kwa miguu kumetatua shida zote mbili.

Sasa mgeukie chawa. Polyplax spinulosa ni mdogo, takriban milimita 1 hadi 1.5, na rangi yake imefifia, manjano iliyochanganyika na kijivu. Fumbatio lake ni laini na lina ngozi inayotanuka, hata pengine utaliona doa jeusi la damu aliyoinyonya likiwa tumboni. Vipapasio vyake ni vifupi na viko wazi kabisa, kwa kuwa havina hatari ya kukwama kwa mdudu asiyekimbia. Kichwa ni chembamba kuliko kifua. Huwezi kuuona mdomo wake wa kunyonyea, maana sindano zake hurudishwa ndani ya kichwa pindi asipokuwa anakula. Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni miguu: mifupi, minene, na kila mmoja ukiishia kwa ukucha mmoja tu unaokunjika dhidi ya kijinundu cha mguu na kuacha tundu katikati. Mweke unywele wa mnyama karibu na ukucha huo chini ya kioo, nawe utaona jinsi upana wa tundu unavyokaribiana na unene wa unywele. Kwa sababu hiyo chawa wa mnyama mmoja hupata taabu sana kuishi kwa mnyama mwingine mwenye nywele za unene tofauti.

Hapa panahitajika tahadhari, kwa maana si kila chawa anayenyonya damu. Wapo chawa watafunaji, wanaokula magamba ya ngozi, manyoya na uchafu, na utawatambua kwa kichwa kilicho kipana kuliko kifua. Chawa wa ndege wote ni wa kundi hilo la watafunaji, ingawa wachache wao, kama Menacanthus stramineus wa kuku, hutoboa mashina ya manyoya machanga na kuinywa damu inayotoka. Kwa mamalia, kanuni ya kichwa inatosha: kikiwa chembamba kuliko kifua, ni mnyonyaji; kikiwa kipana, ni mtafunaji. Tembo ndiye anayeivuruga kanuni hiyo. Chawa wake, Haematomyzus elephantis, ana mkonga mrefu wenye meno madogo kwenye ncha, yaliyogeuzwa yatazame nje, na kwa hayo huchimba ngozi nene mpaka aifikie damu. Jamaa zake wawili wa karibu hupatikana kwa ngiri na kwa nguruwe mwitu, na wote watatu hutengwa katika kundi lao peke yao.

Mayai na watoto

Mtu asiyekuwa na hakika baada ya kumtazama mdudu mzima atafute watoto wake, na mashaka yatakwisha. Chawa hugundisha kila yai kwenye unywele kwa gundi inayokauka ikawa ngumu, karibu na ngozi ambako kuna joto. Anayeanguliwa anafanana na wazazi wake, ila ni mdogo na mweupe zaidi. Hunyonya damu tangu siku ya kwanza na hujivua ngozi mara 3 kabla ya kupevuka. Kwa kuwa maisha yake yote hula damu tupu, ambayo ina upungufu wa vitamini za kundi B, hubeba ndani ya mwili wake bakteria wanaomtengenezea vitamini hizo.

Kiroboto hupita njia nyingine kabisa. Mayai yake ni laini, hayana gundi, na hata yakitagwa mwilini huteleza na kuanguka pale mnyama anapolala. Humo hutoka buu mweupe asiye na miguu wala macho, mwenye vinyweleo vichache, ambaye hainyonyi damu ya mnyama hata kidogo. Chakula chake ni takataka za kiota, na hasa kinyesi cha viroboto wazima, ambacho kwa sehemu kubwa ni damu iliyokauka. Baadaye buu hujifumia kifukofuko cha nyuzi kinachonata vumbi na mchanga, akawa pupa, na akishakamilika anaweza kungoja humo kwa wiki nyingi, pengine miezi, hadi atakaposikia mtikisiko, joto au hewa inayopumuliwa na mnyama. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa kwa muda, au shimo lililohamwa na ngiri, huweza kumrukia mgeni viroboto wengi mara tu anapoingia.

Kuna jaribio rahisi ambalo kila mwalimu anapaswa kulionyesha darasani. Kusanya chembe nyeusi zilizobaki kwenye kitana baada ya kumchana paka au mbwa, uziweke juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu, na ungoje dakika chache. Chembe ya udongo itabaki ilivyo. Kinyesi cha kiroboto kitaanza kutoa duara la rangi nyekundu iliyokaribia kahawia, na duara hilo litatanuka taratibu kwenye karatasi, kwa kuwa ni damu ya mnyama inayoyeyuka tena.

Wanaofananishwa nao

Makosa mengi hutokea kwa sababu mdudu mwenyewe si kiroboto wala si chawa. Hesabu miguu. Kupe, papasi na utitiri waliokomaa wana miguu 8 na hawana vipapasio; mabuu wa kupe, ambao ni wadogo mno, wana miguu 6 na ndio huwadanganya watu, kwa hiyo vipapasio ni ushahidi mzuri kuliko idadi ya miguu. Anayechunguza mashimo ya ngiri awe macho hasa kwa papasi, ambao humo ni wenyeji na hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutokana na kazi iliyofanywa hapa Kenya, katika makala ya Montgomery ya mwaka 1921.

Wapo pia nzi wa familia ya Hippoboscidae, ambao ni bapa, wagumu kuponda, na hukimbia kwa upande katikati ya manyoya. Yule wa njiwa, Pseudolynchia canariensis, ana mabawa na humkimbia mshikaji kwa kuruka, hivyo hachanganyi mtu. Wale wa jenasi ya Lipoptena, wanaoishi kwa swala na jamaa zao, hukatika mabawa mara wanapompata mnyama, na baada ya hapo hufanana sana na chawa mkubwa. Watazame mabegani, utaona vigutu vya mabawa vilivyobaki. Kila mguu wao una kucha mbili kubwa, si ule ukucha mmoja wa chawa mnyonyaji.

Kumsoma mdudu kwa njia ya mwenyeji wake

Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Kwa kuwa buu wa kiroboto anahitaji malazi ya kudumu, mnyama asiye na malazi ya kudumu hawezi kumlea. Nyumbu, pundamilia na swala hulala popote usiku unapowakutia, na kwa hiyo usitarajie kukuta kwao viroboto walio wao. Chawa wanao, maana chawa hahitaji kingine zaidi ya mwili wa mnyama. Twiga ana chawa wake mnyonyaji, Linognathus brevicornis, ambaye hana njia ya kumfikia twiga mwingine ila wanyama wenyewe wagusane. Kima na mbega wa Karura hulala mtini, leo hapa, kesho pale. Wana chawa wa jenasi ya Pedicinus, jenasi inayopatikana kwa nyani na jamaa zao wa Afrika na Asia, lakini hawana kiota ambamo mabuu ya kiroboto yangekulia. Binadamu, aliyejenga nyumba na kuirudia kila jioni, ndiye aliyejiletea viroboto.

Wenye mashimo na mapango ni hadithi nyingine. Nungunungu, nguchiro, mbweha na panya wa kila aina hurudi kulala walikolala, na viroboto hustawi kwao. Ngiri anastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ni jamaa ya nguruwe mwenye tabia ya kulala shimoni: ana chawa mkubwa wa jamii moja na chawa wa nguruwe wa kufugwa, Haematopinus phacochoeri, na papo hapo ana viroboto kwa sababu ya shimo. Pelele, ambao hulala pamoja majabalini, wana utajiri wa chawa, wanyonyaji wa jenasi ya Prolinognathus pamoja na watafunaji wa aina nyingi, na hilo huwashangaza watu wanaodhani kwamba mnyama mdogo hubeba wadudu wachache. Popo nao wako upande wa pili kabisa. Hawana chawa wa aina yoyote, lakini wana viroboto wa familia yao wenyewe, ambao mabuu yao huishi katika kinyesi kilichorundikana chini ya popo wanaolala. Kwa hiyo ukiletewa kitu kinachodaiwa kuwa chawa wa popo, jua kwamba umeletewa mdudu mwingine, yamkini nzi wa popo asiye na mabawa, ambaye kwa miguu yake mirefu hufanana na buibui.

Kanuni hii hutumika pia kupima ushahidi. Chawa akikutwa kwa mnyama fulani, kwa kawaida ni wa mnyama huyo au wa jamaa yake wa karibu, na ukikuta chawa wa swala kwa simba, yaelekea ulimkuta mpita njia aliyehama kutoka kwenye mawindo na ambaye hataishi muda mrefu hapo. Kiroboto hatoi ushahidi wa namna hiyo kwa uhakika, kwa sababu spishi nyingi humpanda yeyote anayeingia katika malazi. Kiroboto mng'ang'anizi wa kuku, Echidnophaga gallinacea, ambaye jike lake huzamisha mdomo ngozini na kubaki hapo, hupatikana kwa kuku, mbwa, panya na wanyamapori wengi. Na funza, tunayemjua vizuri mno katika sehemu nyingi za Kenya, ni jamii ya kiroboto ambaye jike huingia ngozini kabisa. Asili yake ni Amerika, akaingia Angola mwaka 1872 na kusambaa barani kwa miongo michache.

Tofauti hii ya uaminifu kwa mwenyeji ndiyo inayoeleza kwa nini wawili hawa hawana hatari sawa kwa mtu. Chawa wa panya hueneza vimelea vya damu kutoka panya hadi panya, lakini hana shauku na damu yetu. Xenopsylla cheopis, aliyepewa jina na Charles Rothschild mwaka 1903 kutokana na viroboto waliokusanywa Shendi, nchini Sudan, humwacha panya aliyekufa na kumwuma mtu aliye karibu. Alexandre Yersin alimtambua bakteria wa tauni huko Hong Kong mwaka 1894. Paul-Louis Simond alionyesha mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye mbebaji. Na Bacot na Martin walieleza mwaka 1914 jinsi bakteria wanavyoziba njia ya chakula ya kiroboto hadi akauma mara kwa mara kwa njaa, akiitema damu yenye maradhi kila anapouma. Nairobi yenyewe iliionja tauni ikiwa bado changa: ugonjwa ulizuka mwaka 1902 katika soko la Wahindi, na majengo ya hapo yakachomwa moto.

Hata namna ya kuwaondoa hufuata makazi yao. Anayelea paka, mbwa au mnyama yatima mwenye chawa amtibu mnyama mwenyewe na wenzake anaogusana nao. Mwenye viroboto akimtibu mnyama peke yake atakuwa amefanya kazi nusu, kwa kuwa mayai, mabuu na pupa wamo katika matandiko, nyufa za sakafu na vumbi la banda. Hayo yote yafuliwe, yafagiliwe na kuanikwa juani, na kazi irudiwe, kwa sababu pupa walio ndani ya vifukofuko hawafikiwi kirahisi na dawa.

Kuhifadhi na kuandika lebo

Tumia kichupa kimoja kwa kila mnyama, na ukioshe kitana kwa maji ya moto kabla ya kumgusa mnyama mwingine, kwa maana chawa mmoja aliyesalia kwenye meno ya kitana anaweza kumpeleka mtaalamu kwenye kosa kubwa la kudhani mnyama fulani ana chawa asiye wake. Ndani ya kichupa, si nje peke yake, weka lebo ya karatasi nene iliyoandikwa kwa penseli: jina la mnyama na jinsia yake, sehemu ya mwili, mahali kwa ukamilifu (si "Nairobi" tu, bali mtaa au kona ya msitu), tarehe, na jina la mkusanyaji. Kama kiroboto ametoka kwenye kiota au shimo, andika hivyo waziwazi na usimtaje mnyama kana kwamba ulimkuta naye. Andika ni nani anayesadikiwa kulala humo na umejuaje, kwa nyayo, kwa kinyesi au kwa kumwona. Idara ya wadudu ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ni mahali ambapo anayejifunza anaweza kuuliza kuhusu utambuzi, na swali la kwanza analopaswa kujiandaa kulijibu ni lile la lebo: alikutwa kwa nani, na alikutwa wapi.